Bahari Ikisafika Tutakwenda

Baba Mwenye Nyumba alikuwa mtu wa kukuzimia taa ukiwa bado umekaa chini yake. Nilipanga kwake chumba cha mbele, chenye baraza linalotazama barabara ya kwenda sokoni, na cherehani yangu nikaiweka hapo barazani. Giza likianza kuingia, mimi bado napinda suruali ya mtu, yeye anapita, anasema macho ya fundi hayahitaji taa, na swichi imeshazimwa. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa naapa nahama. Sikuhama. Nilikaa pale mpaka wateja wakadhani mimi ni mtoto wa nyumba ile.

Na mtu huyohuyo, sebuleni kwake, alikuwa na mitambo inayokula umeme usiku na mchana. Pampu ya kuzungusha maji, taa za buluu, kipasha joto kwa sababu ya baridi yetu ya Juni, na betri ya lori pembeni kwa siku ambayo umeme utakatika. Vyote hivyo vilikuwa kwa ajili ya tangi moja la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lililojaa maji ya chumvi, mawe, matumbawe na samaki wa baharini. Nyumba nzima tuliliita Bahari. Singida hii hii, katikati ya nchi, upepo unakujaza mchanga machoni na watu wanaamka alfajiri kuwahi foleni ya maji, mzee wa watu anafuga bahari. Ukimwuliza mbona umeme wa Bahari hauzimwi, anakujibu kwamba wewe ukikaa gizani hufi, samaki akikaa bila pampu anakufa. Utasema nini hapo?

Maji ya mvua ndiyo yalitugombanisha zaidi. Alikuwa na tangi kubwa jeusi la plastiki chini ya paa, na maji yake wapangaji hatukuruhusiwa hata kunawia uso. Yalikuwa ya Bahari. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi zake na mambo mengine, akasema ukiyatumia kuongezea tangi ni sawa na kumwagia bustani mbolea. Kwa hiyo sisi tunafua na maji ya kisima, sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zinageuka rangi ya chai, na samaki wanaogelea kwenye maji ya mvua yaliyochanganywa na chumvi iliyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Siku moja nilimwambia nikizaliwa tena nataka nizaliwe samaki wake. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa, unamkasirikia asubuhi, mchana anakufanya umsamehe bila kukuomba.

Sasa niwaambie hiyo Bahari ilitoka wapi, maana yeye alisimulia hivi na mkewe alisimulia vile.

Mkewe, ambaye sisi wapangaji tulimwita Mama, ni mtu wa Pangani. Yeye mwenyewe Baba Mwenye Nyumba alikuwa na damu ya Kinyaturu na ya huko pwani pia, lakini alikulia hapa, akachuma hapa kwa mashine yake ya kukamua alizeti, na pwani hakuwa na habari nayo. Wageni wakiuliza kuhusu tangi, anawaambia mke wangu alikuwa na hamu ya bahari, nikamletea. Anasema hivyo kifua mbele. Mama akiwa jikoni anasikia, anaendelea na sufuria zake. Ila siku moja alikuwa anatwanga uduvi uani, mimi nimekaa naye nachambua mchele, akaniambia polepole bila kuinua uso.

"Mimi nilimwomba anipeleke kwetu. Akaniletea kioo."

Si kwamba Mama hakufika kwao. Alifika, kwa misiba. Simu ikija anapanda basi peke yake, anazika, anasoma hitima ya siku ya tatu, anarudi. Alichotaka yeye ni kupelekwa. Tangu amwoe, mume hakuwahi kurudi kule kama mkwe, aingie na begi mkononi, aamkie wazee, alale, ale, aonekane. Mama alikuwa na dada mkubwa, ndiye aliyebaki kati ya waliomlea, na macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka dada yake amwone shemeji yake kabla macho hayajafumba kabisa. "Kwetu wananiuliza kama nina mume au nina nauli," alisema. Ilikuwa inamuuma, na alikuwa hafichi kwamba inamuuma.

Baba Mwenye Nyumba hakukataa, huo ndio ukweli wake. Zamani alikuwa anasema tutakwenda msimu wa alizeti ukiisha, na msimu huisha halafu linazuka jingine. Bahari ilipokuja akapata sababu kubwa kuliko zote, kwamba nani ataiangalia. Akimwachia mtu yeyote, siku mbili tu, mwani utakula kila kitu. Tungoje kwanza maji yakae sawa, mawe yabaki safi mwezi mzima, hapo hata fundi wa barazani anaweza kuachiwa. "Bahari ikisafika tutakwenda," akawa anasema. Hakuwa anadanganya. Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi, Mama angemnunia yakaisha. Lakini alisema kwa moyo wake wote, kisha anainama na mswaki wake kuanza kusugua mawe.

Huo mwani mimi nilikuwa siujui. Mnyiramba wa Kiomboi, bahari niliisoma kwenye ramani. Kumbe kuna majani membamba kama nywele, ya kijani, yanaota juu ya mawe ndani ya maji, leo kipande kama kidole, wiki ijayo jiwe zima limevaa sweta. Yakishika tumbawe yanalifunika mpaka linanyauka. Baba Mwenye Nyumba aliyaong'oa kwa vidole, akayasugua, akayafyonza kwa mpira wa maji. Aliagiza konokono wa baharini wanaokula mwani, wakafika kwa basi ndani ya ndoo, nusu wamekufa. Waliobaki walikula wakashiba wakalala. Mama alikuwa anapita na sinia la chai, anasimama, anatazama. Huko kwetu, anamwambia, akina mama wanashinda kwenye maji wanaupanda mwani, wanauanika, wanauza, wanasomesha watoto. Wewe umeupata bure sebuleni unautupa jalalani.

Kuna wakati Baba Mwenye Nyumba alisoma mahali kwamba mwani ukinyimwa mwanga unakufa, akaifunika Bahari kwa blanketi zito siku kadhaa, taa zote zimezimwa, na sebuleni ikawa marufuku kufungua pazia. Watu wanaingia wanakuta mzigo mkubwa umefunikwa katikati ya nyumba, wanashusha sauti. Mama akamwambia, "Naona umeiweka Bahari eda." Hata yeye alicheka. Mwani ulipungua kweli, ukabaki kama ukoga tu, na wiki ile alikuwa na furaha, akamwambia Mama aanze kufikiria zawadi za kwao. Mama alinunua kitambaa akanipa nimshonee dada yake gauni. Nililishona. Mwezi haukwisha, mawe yakavaa sweta tena.

Kwa kutafuta mchawi, hapo mzee alikuwa hodari. Mara vumbi la kiangazi linapenya dirishani. Mara wapangaji wanafulia karibu mno na sabuni inaruka. Siku nyingine ilikuwa zamu yangu, eti manyuzinyuzi ya vitambaa vyangu yanapeperuka kutoka barazani mpaka kwenye maji yake. Nikamwambia Baba, shikamoo yangu nimeshakupa asubuhi, sasa naomba niseme. Nikasema yote niliyokuwa nayo, kuanzia taa mpaka maji ya mvua. Alinisikiliza mikono nyuma. Nilipomaliza akasema nina haki, lakini niisogeze cherehani futi moja. Niliisogeza, tena kwa hasira, na kesho yake akaniletea dumu la mafuta ya alizeti bila neno lolote.

Mikono yake ilikuwa daima inanuka mafuta, kazi ya mashine hiyo. Basi kabla ya kuitia ndani ya Bahari anainawa kwa majivu, anaisugua mpaka kwenye viwiko, anaisuuza kwa maji ya mvua mara nyingi kuliko mtu anayetawadha. Sabuni hakutaka iguse. Wakulima wa Iguguno waliomletea alizeti walikuwa wanamkuta katika hali hiyo, wanadhani anajiandaa kuchinja. Magunia yakishushwa anawaita ndani wote, miguu ya vumbi na yote, huyu ambaye mpangaji akikanyaga zulia na ndala anasikia hadithi. Anawaonyesha. Anaongea nao Kinyaturu, sauti yake inabadilika, inakuwa ya kijana. Mzee mmoja aliyetoka Ikungi aliwatazama samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe kwa muda mrefu sana, halafu akauliza kama wana mifupa mingi. Kila mgeni alipewa nafasi ya kuwalisha. Anampa kopo la uduvi uliosagwa, kopo la maziwa ya unga lenye matundu kwenye kifuniko, anamwambia tikisa kidogo tu, sema Bismillahi. Wakristo nao walisema.

Uduvi huo ulikuwa unatoka Pangani. Dada yake Mama alikuwa anautuma kwa basi ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa unga, akijua ni wa kupikwa kwa nazi. Mama hakumwambia kwamba nusu yake inaliwa na samaki. Alisema dada yake angesikia hivyo angejua mdogo wake ameolewa na mtu gani.

Kuna hadithi moja ambayo Baba alipenda kuisimulia kuliko zote, na aliisimulia dhidi yake mwenyewe. Mwanzoni kabisa, tangi likiwa jipya, aliona upuuzi kununua chumvi ya dukani kutoka Dar es Salaam wakati mji wetu una ziwa la chumvi hapo chini, flamingo wamejaa, na maji hayanunuliwi. Mtu wa Singida ukimwambia hana chumvi unamtukana. Akachukua madumu, akaenda ziwani, akajaza, akaja akamimina. Samaki wake wa kwanza hawakufika jioni. Kumbe maji ya ziwa letu yana magadi, ni chumvi ya namna nyingine, na samaki wa baharini hawayawezi. Alikuwa anasimulia mpaka anaigiza jinsi walivyopanda juu kutafuta hewa, kisha anajipiga kifuani na kusema, mimi hapa ndiye niliyewaua kwa uzalendo. Watu wanakufa kwa kicheko. Niliisikia hadithi hiyo mara nyingi hata ningeweza kuisimulia mimi yeye akiwa kanyamaza.

Nilimpenda yule mzee. Naona niseme wazi, maana nikiendelea kusimulia ugomvi wa taa mtadhani nilikuwa namvumilia tu.

Mwani ukazidi. Hii ni miaka ya mwisho mwisho ya mimi kukaa pale. Zamani ulikuwa unakuja na kuondoka, sasa ukawa hauondoki. Anabadilisha maji, anapunguza saa za taa, anaagiza dawa, anasugua mpaka mgongo unamkatika, na siku ya tatu mawe ni kijani kibichi. Alikonda. Aliacha hata kwenda kwenye mashine, akawa anakaa mbele ya kioo kama mtu anayengoja majibu hospitalini. Watoto wao, wanaoishi Dar es Salaam na Mwanza, walipiga simu wakamshauri auze. Alikata simu. Akamwambia Mama mbele yangu kwamba hataiuza, ataisafisha, na wakitoka hapo wanakwenda Pangani moja kwa moja, safari hii hakuna msimu wala nini. Mama akajibu sawa, Baba. Nilishangaa alivyojibu kwa upole. Siku zote hapo angemrushia neno.

Siku moja Mama alikuja barazani na kanga ya kupindwa, wakati Baba ameondoka kwenda msikitini kuswali adhuhuri. Akakaa kwenye benchi la wateja. Aliniuliza kama asubuhi ile nilimsikia Baba akiwalisha samaki. Nikamwambia ndiyo, dirisha lenyewe si hili hapa, Bismillahi yake inanifikia na kopo linavyotikiswa nalisikia. Akaniuliza nimesikia mara moja? Nikafikiri. Nilikuwa nimesikia alipotoka kuswali alfajiri. Nilikuwa nimesikia tena baada ya chai. Na tena alipotoka getini kuagana na mtu akarudi ndani. Nilidhani siku hizi amekuwa mkarimu tu.

"Mwani hautoki kwenye maji, mwanangu," Mama akasema. "Unatoka kwa Baba. Analisha, anasahau, analisha tena. Kile wasichokula kinaozea chini na mwani unakila."

Cherehani ilisimama yenyewe. Nikamwuliza kama mwenyewe anajua. Akasema alimwambia mara moja tu. Baba akamwapia kwa Mungu kwamba tangu kuche hajawalisha, na yule si mtu wa kuapa hovyo. Kisha akatazama kopo, akaona limepungua, na Mama akaona uso wake. Hakutaka kuuona uso ule mara ya pili. Kwa hiyo akaamua kunyamaza, na kila Baba akienda msikitini, adhuhuri na alasiri, yeye anakunja mikono ya gauni, ananawa kwa majivu, anaingia ndani ya Bahari kusugua mawe na kunyonya uchafu, ili akirudi akute angalau kuna nafuu. Huyu ni mama ambaye tangu tangi liletwe hakuwahi kuligusa hata kwa kitambaa. Aliniambia maji yale yananuka kwao. Alipoanza kutia mikono ndipo alipogundua harufu hiyo.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia basi Mama, si usugue siku mbili tatu kwa nguvu, useme imesafika, mpande basi mwende, hali yake haijawa mbaya, anatembea, anaongea. Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Usiku wa kuamkia jana aliniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nimpeleke kwa dada yangu akaniulize vile mbele ya watu?"

 Alinikataza nisimwambie mtu, na sikumwambia. Nilipinda kanga yake, na hakuwa na haraka nayo.

Basi tukawa tunaishi hivyo. Asubuhi Baba anasikika anawalisha, anawalisha, anawalisha. Mchana Mama anasugua. Akitoka msikitini mzee anaikagua Bahari, anapitisha kidole juu ya kioo kutoka pembe hadi pembe, anasema leo kuna unafuu, konokono wale wameanza kazi. Alikuwa anafurahi. Anamwambia Mama mwezi ujao. Kuna siku zake alikuwa mzima kabisa, ananizimia taa kama zamani, na nilikuwa namshukuru Mungu nikikaa pale gizani na sindano yangu. Kuna siku nyingine alikuwa ananisalimia mara mbili kwa muda wa dakika chache, na mimi namwamkia mara mbili, shikamoo Baba, marahaba fundi, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Halafu likaja suala la ziwa. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kununua nyuzi, niliporudi nikakuta watu wamesimama uani. Baba alikuwa ameondoka bila kumwambia mtu, na dumu mkononi. Kijana mmoja wa bodaboda alimkuta anapandisha mlima kutoka ziwani, jua kali, dumu limejaa, akamwonea huruma mzee wa watu akampakia mpaka nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Hakujua kama mtu katoka wala kama karudi, mpaka aliposikia maji yanamiminwa. Alipofika sebuleni dumu lilikuwa tupu.

Tulihangaika, mimi na Mama na wapangaji wengine, tukachota maji yale ndoo kwa ndoo, tukatia yale ya mvua na chumvi iliyokuwapo. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo wazi. Matumbawe yalijikunja, mengine yakaanza kutoa ute. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi anatutazama, suruali imelowa mpaka magotini. Alipoona samaki wa kwanza analala ubavu, akasimama. Akachovya kidole, akakionja, akatema. Alikuwa anaijua ladha ile, ndiyo iliyokuwa imebaki kichwani mwake wakati mengine yanaondoka.

"Nani ametia maji ya ziwa humu?"

 Tulikuwa tumeshika ndoo, tunatazama chini. Na yeye akazidi kupandisha sauti, kwamba kila mtu katika nyumba hii anajua, amelisema, amelisimulia, mtoto mdogo wa mtaa huu anajua, ni mpumbavu gani huyo.

Mama akaweka ndoo yake chini. "Ni mimi, Baba. Nilisahau."

Alimfokea mbele yetu sote. Maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mkewe, wala mpangaji, wala hata mwizi wa mafuta tuliyewahi kumkamata. Alimwambia amemwua yeye mwenyewe. Alimwambia Pangani asahau, kwa ajili ya uzembe wake, asahau kabisa. Mama alisimama mikono imeshikana mbele, anaitikia ndiyo Baba, nisamehe Baba. Nilitaka kusema. Alinitazama mara moja tu, na nikajua nikifungua mdomo hatanisamehe maisha yangu yote. Niliumia siku ile kuliko siku niliyozika mtu wangu mwenyewe, na nililia nikiwa nasuuza ndoo, ikaonekana ni maji.

Walibaki samaki wawili, wale wa rangi ya chungwa, na mawe, na vipande vichache vya matumbawe. Muda mfupi baadaye mama yangu mzazi akaugua, nikafunga cherehani, nikarudi Kiomboi. Baba Mwenye Nyumba alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia nimwachie balbu yangu, ni nzima, kwa nini niipeleke Kiomboi. Nikaifungua nikampa.

Nilikuja kuwaona tena mwaka huu, nilipofuata vitambaa Singida mjini. Nilikuwa nimechelewa kuja, na nilijua hivyo njia nzima kutoka stendi. Baraza langu limepangishwa muuza vocha. Mama alinipokea mlangoni, amekuwa mdogo, mifupa ya mabega inaonekana kwenye gauni. Nikamwuliza habari za Pangani. Akaniambia dada yake amefariki. "Nilikwenda kama kawaida yangu," akasema. Alilala usiku mmoja tu, akarudi, kwa kuwa aliyeachiwa Baba alipiga simu analia.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya Bahari, shuka miguuni. Nikampa shikamoo. Akaitikia vizuri, akaniuliza nimeleta magunia mangapi. Nikamwambia Baba, mwaka huu mvua hazikuwa nzuri. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema Mungu atajalia, msiuze mbegu zote. Alikuwa ameshika lile kopo la maziwa. Akasema Bismillahi, akalitikisa juu ya maji, likalia chakachaka, na wale samaki wawili wakapanda. Hakikutoka kitu. Mama alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ametia mbegu za alizeti humo ndani, ni kubwa kuliko matundu, zinalia tu. Yeye anawalisha uduvi kidogo asubuhi Baba akiwa bado amelala. Baadaye Baba anatikisa mchana kutwa, kila anapokumbuka, na samaki wamezoea, wanapanda kumwona.

Ndipo nikaitazama Bahari sawasawa. Ilikuwa safi. Sijapata kuiona vile miaka yote niliyokaa pale. Mawe yalikuwa na rangi ya zambarau ambayo sikujua kama yanayo, na kipande kimoja cha tumbawe kilikuwa kimefunguka na kuchanua. Hapakuwa na unywele mmoja wa kijani.

Mama alileta kigoda akakaa karibu na kiti cha Baba, amfute mkono uliolowa. Baba akamgeukia, akamtazama kwa adabu, namna anavyotazamwa mama wa heshima aliyekuja nyumbani kwako kwa mara ya kwanza. Akamkaribisha. Akamwuliza kama amewaona samaki. Mama akasema amewaona, ni wazuri.

"Ni wa mke wangu," Baba akasema. "Mtu wa Pangani. Nimemwahidi nitampeleka kwao, lakini Bahari kwanza isafike."

Mama aliendelea kumfuta, kidole kimoja kimoja.

"Imesafika," akamwambia.

Baba akainama. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo, akapitisha kidole kutoka pembe hii hadi pembe ile, polepole. Alitazama kila jiwe. Ilichukua muda na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaegemea kiti, akavuta pumzi, na uso wake ukawa mwepesi, akawa yule wa zamani kabisa, wa miaka ya mwanzo.

"Kweli imesafika," akasema. "Basi mwambie afunge mizigo. Kesho tunakwenda."

"Nitamwambia," Mama akasema, na akaniomba nishike upande wa pili tumwinue, maji yake ya kuoga yalikuwa yanapoa.